Kijana, pombe na mawazo

Popote wanapokutana watu wazima, iwe msibani, kwenye daladala au barazani, hukosi kusikia kauli moja: zamani vijana hawakunywa pombe. Anayeisema husikitika, na wanaomsikiliza hutikisa vichwa. Kisha mazungumzo huhamia kwenye muziki, kwenye simu na kwenye nguo za kubana, na kauli ile hubaki pale pale kama jambo lililokwisha kuthibitishwa.

Juma hili nataka tuishike kauli hiyo na kuitazama upande wake wa pili. Kama ni kweli kwamba hawakunywa, ilikuwa kwa nini? Na kama siku hizi wanakunywa, wanatafuta nini humo? Nauliza hivyo kwa sababu katika kelele zetu zote juu ya ulevi wa vijana tumekuwa hodari wa kuhesabu baa na kuhesabu chupa, lakini hali ya moyo wa kijana mwenyewe, kabla hajaigusa chupa ya kwanza, haikupata mtu wa kuiuliza. Kutouliza huko kuna historia yake, na ndiyo ninayotaka kuisimulia leo.

Kwanza, ukweli wa kauli yenyewe. Mwanahistoria Mwingereza Justin Willis alizunguka Afrika Mashariki katika miaka ya 1990, akizungumza na wazee na kupekua majalada ya serikali za kikoloni, na mwaka 2002 akatoa kitabu kikubwa juu ya historia ya pombe katika nchi zetu. Huko Rungwe, kwa Wanyakyusa, na kwingineko pia, wazee walimwambia jambo lile lile tunaloambizana sisi, kwamba pombe ilikuwa mali ya wakubwa. Lakini majalada nayo yana maneno yao. Yanaonyesha kwamba tangu miaka ya 1920 na 1930 wazee na machifu walikuwa wakiwalalamikia mabwana shauri kwamba vijana wa siku hizi wameanza kunywa na heshima imekwisha. Piga hesabu mwenyewe, msikilizaji. Vijana waliolalamikiwa wakati ule ndio hao hao waliokuja kuzeeka na kutuambia kwamba enzi zao hawakunywa.

Sisemi kwamba wazee wetu walikuwa waongo. Mtu anaposema "sisi hatukunywa" mara nyingi anataja utaratibu uliotakiwa kufuatwa, wala si kila kilichotendeka nyuma ya nyumba. Utaratibu huo ulikuwapo kweli, na ulikuwa na nguvu. Chukua mbege ya Kilimanjaro. Kuna ndizi mbivu za kupika, kuna ulezi wa kuotesha, kukausha na kusaga, kuna gome la msesewe la kutia ule uchungu wake. Ni kazi ya siku kadhaa, na kazi hiyo ilikuwa ya mikono ya wanawake. Lakini ikishaiva ilikuwa na wenyewe. Wazee walitangulia. Kwa pombe hiyo waliita wahenga wao, walipokea wakwe, walisuluhisha ugomvi wa mipaka ya kihamba. Mtoto alipewa togwa, kama vile mtoto wa pwani alivyoonjeshwa tembo tamu ambalo halijachacha. Kijana alitumwa kubeba mtungi, akashaufikisha akaondoka.

Hapo ndipo penye jambo la kuzingatia. Kijana hakuzuiwa kwa sababu kuna mtu aliyeogopa ini lake litaharibika. Alizuiwa kwa kuwa penye mtungi ndipo palipokuwa na maamuzi ya ng'ombe, ya mashamba na ya nani amwoe nani. Kukaa hapo kabla ya wakati wako kulikuwa sawa na kukalia kiti cha baba yako angali hai.

Je, kijana huyo aliyefukuzwa penye mtungi alikuwa na raha? Wengine wanamchora kama malaika wa shambani. Tutazame tena Rungwe, maana huko tuna maelezo ya kina kutoka kwa Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930. Mvulana akifika umri wa miaka 10 au 11 hivi, aliacha kulala nyumbani kwa baba yake akaenda kulala katika kijiji cha wavulana wa rika lake. Walijenga vibanda vyao wenyewe. Chakula walikula kwa mama zao, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule, wakitembea kundi zima. Wanyakyusa walikuwa na neno lao, ukwangala, lenye maana ya kukaa na wenzako kwa furaha na mazungumzo, na walilihesabu kuwa ni sehemu ya malezi, kwani asiyekaa na wenzake hapati akili.

Sisifu kupita kiasi. Wazee hao hao walihodhi ng'ombe, na bila ng'ombe hapana mahari, kwa hiyo kijana angeweza kungoja miaka mingi kuoa huku mzee wa jirani akiongeza mke wa tatu. Hasira zilikuwapo. Ninachosema ni kwamba kijana mwenye hasira hizo hakuwa peke yake. Alikuwa nazo pamoja na wenzake ishirini katika kijiji kimoja, usiku kwa usiku, na kila mmoja alijua kilichompata mwenzake.

Utaratibu huo ulivunjwa na mshahara. Kaskazini ya Rungwe, katika wilaya ya Chunya, kuna mto Lupa, na tangu miaka ya 1920 watu walimiminika huko kutafuta dhahabu. Vijana kutoka Rungwe walikwenda kuchimba, na wengine walivuka mipaka hadi migodi ya Rhodesia na Afrika Kusini. Walirudi na fedha mkononi. Mwenye fedha hangoji mtungi wa baba yake, anamwendea mama anayeuza pombe, analipa, anakaa. Kwa kijana huyo wa kwanza aliyenunua pombe kwa mshahara wake, kunywa kulikuwa ni tangazo kwamba na mimi ni mtu mzima. Ukiniuliza, naona hiyo ndiyo sababu ya kale kuliko zote ya vijana kunywa, na bado ipo. Mvulana wa kidato cha pili anayeshika chupa mbele ya wenzake anafanya alichofanya yule wa Lupa.

Lakini kumbuka yule wa Lupa alikuwa wapi. Alikuwa mbali na kwao, katika kazi ya hatari, bila kijiji cha rika wala mama wa kumpikia. Tangazo la utu uzima na dawa ya upweke vilikaa katika kibuyu kimoja. Nani angevitenganisha?

Watawala wa kikoloni hawakujaribu kuvitenganisha. Wao walikuwa na hofu yao. Wakifuata mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, na baada yake ule wa Saint-Germain wa mwaka 1919, walipiga marufuku kumuuzia Mwafrika vinywaji vikali, wakiamini kwamba akilini mwake hamna breki. Marufuku hiyo ilidumu hata miaka ya 1950, na bia ya chupa nayo ilikuwa ya Wazungu hadi miaka ya 1940. Wakati huo huo halmashauri za miji zilijenga vilabu vyao vya pombe ya kienyeji. Mtindo huo ulitoka Durban mwanzoni mwa karne ya 20, na Nairobi iliuiga kwa kujenga kilabu Pumwani katika miaka ya 1920. Faida ililipia huduma za wakazi Waafrika. Kwa hiyo Mwafrika alihubiriwa asinywe, halafu ulevi wake ukamlipia choo cha mtaa. Nawaachia wenyewe mcheke au mlie.

Na kijana wa mjini aliyelewa aliitwaje? Aliitwa mhuni. Neno hili tunalitumia kila siku bila kulitazama. Katika kamusi za zamani mhuni ni mtu asiye na makao wala jamaa, mtu anayetangatanga. Yaani kiini chake ni ukiwa, ni kukosa watu. Dar es Salaam ya Waingereza ilikuwa na misako ya kuwakamata vijana wasio na kazi na kuwarudisha makwao, na majalada yamejaa malalamiko juu ya wahuni, ulevi wao, kamari yao na wizi wao. Neno lililokuwa likisema mtu huyu amekosa jamaa likageuka kuwa linasema mtu huyu ana makosa. Baada ya uhuru tulilirithi kama lilivyo. Sheria ya nguvu kazi ya mwaka 1983, ambayo wengi wenu mnaikumbuka kwa karandinga zake, ilikuwa na harufu ile ile.

Hivyo polisi alikuwa na jina la kumwita kijana mlevi. Daktari je?

Daktari naye hakumwona, na sababu yake inashangaza. Tangu mwaka 1938 hadi 1950 hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, ilikuwa chini ya Dk. J. C. Carothers, ambaye alipokabidhiwa kazi hiyo hakuwa amesomea maradhi ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, na kwa miaka kadhaa kikawa ndicho neno la mwisho. Humo Carothers alisema kwamba ule ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu, ambao leo wataalamu wetu wanauita sonona, ni nadra kwa Waafrika. Alidai Mwafrika hajibebeshi lawama moyoni, kwa hiyo hana la kumhuzunisha kiasi hicho. Alifika hata kumlinganisha na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo.

Tuache matusi, tutazame hesabu yake. Nani waliofikishwa Mathari wakati huo? Ni wale walioletwa na polisi na machifu kwa sababu walipiga watu, walichoma nyumba au walitembea uchi barabarani. Mtu aliyekaa kimya nyumbani, halali, hali, anatazama ukuta, hakumsumbua chifu, wala hakuletwa. Carothers alihesabu wenye fujo, kisha akatangaza kwamba wenye huzuni hawapo. Ilichukua miaka mingi kurekebisha. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walitoa matokeo ya kuwapima watu wazima katika vijiji viwili vya Uganda kwa vipimo vile vile vilivyotumika Camberwell, London, na wakakuta huzuni ya kiwango cha ugonjwa ikiwa nyingi zaidi vijijini Uganda.

Kusema kweli hatukuhitaji kumngoja Orley. Kiswahili kilijua. Sisi tunasema fulani ana mawazo. Hatusemi anawaza nini, tunasema ana mawazo, kama vile mtu anavyosema fulani ana homa, na msikilizaji anaelewa kwamba huyo halali vizuri, amekonda, hachangamki. Wazimbabwe wana neno la namna hiyo kwa Kishona, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, na huko tangu mwaka 2006 Dk. Dixon Chibanda amewafundisha akina bibi kukaa na watu wenye hali hiyo kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza.

Hapa sasa nina ugomvi na Waswahili wenzangu. Neno tunalo, lakini tumeligawa kwa upendeleo. Baba aliyeachishwa kazi ana mawazo. Mama aliyefiwa ana mawazo. Mtoto wa miaka 14 aliyefiwa na mama huyo huyo, akianza kuchelewa kurudi, akashuka darasani, akajibu watu ovyo, huyo tunasema ana kiburi. Akiwa msichana tunasema ameanza mambo ya wanaume, na tukimkuta na chupa ndiyo hatutaki hata kusikia. Mkubwa akinywa baada ya msiba tunamwonea huruma, tunasema anapoza machungu. Mdogo akinywa baada ya msiba ule ule ni mhuni. Carothers alisema Mwafrika hana huzuni ya kuugua. Sisi tulimpinga kwa haki kabisa, kisha tukasema maneno yale yale juu ya watoto wetu.

Kosa hilo lilikuja wakati mbaya. Tazama kilichoangukia kizazi cha vijana wa miaka ya 1980 na 1990. Ukimwi uligunduliwa Kagera mwaka 1983, na baada ya miaka michache kukawa na nyumba nzima nzima zinazoongozwa na mtoto mkubwa. Karo zilirudi shuleni. Viwanda vilipunguza watu. Vijana waliingia mjini na mzigo wa mitumba begani. Upande wa pili, bia iliyokuwa ikitafutwa kwa vimemo katika miaka ya mwanzo ya 1980, wenye umri wangu mnakumbuka, ilianza kujaa kila kona baada ya kiwanda cha taifa kubinafsishwa mwaka 1993. Matangazo yakaja nayo, na baadaye hata klabu zetu kubwa za soka zikavaa jina la bia kifuani. Huzuni mpya na kilevi kipya vilifika stendi siku moja.

Kisha vikaja viroba. Kwa wasikilizaji wadogo nieleze kwamba kiroba kilikuwa kipakiti cha plastiki chenye kinywaji kikali cha kilevi cha zaidi ya asilimia 30, kinachotosha kufichwa katika kiganja au ndani ya soksi ya sare ya shule. Bei yake haikufika ile ya sahani ya wali kwa mama lishe. Hakikuhitaji baa, glasi, rafiki wala mazungumzo. Mtungi wa mbege huwezi kuunywa peke yako, utamwagika na watu watakushangaa. Kiroba kilitengenezwa kana kwamba kwa ajili ya mtu aliye peke yake. Sasa ilikuwa rahisi zaidi kwa kijana kulewa bila mtu yeyote kuwapo na bila mtu yeyote kujua. Mimi naona hapo ndipo kunywa kwa kujitangaza kulipopisha kunywa kwa kusahau, maana tangazo lisilo na mtazamaji si tangazo tena.

Katikati ya Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba viroba vitapigwa marufuku kuanzia Machi 1 mwaka huo. Tangazo hilo alilitoa Mirerani, wilayani Simanjiro. Iwe ni bahati au makusudi, hapakuwa na mahali panapofaa zaidi. Mirerani ndiko inakochimbwa tanzanite, na kwa miaka mingi kulikuwa na wavulana wadogo walioitwa nyoka, kwa kuwa walitambaa kwenye mashimo membamba wasiyopita watu wazima. Aprili 1998 mafuriko yaliingia migodini na kuua makumi ya wachimbaji, na Machi 2008 ikawa hivyo tena. Fikiri kijana wa miaka 16 ambaye jana alimwona mwenzake akizama, na leo anatakiwa kushuka shimo la jirani. Kiroba kilikuwa na kazi gani kwake? Ilikuwa ni Lupa nyingine, miaka 80 baadaye, na kinywaji chenye nguvu mara nyingi zaidi.

Marufuku ilikuwa ya haki na niliiunga mkono. Wakenya nao kwa sheria yao ya mwaka 2010, inayojulikana kwa jina la aliyekuwa mbunge John Mututho, walikataza vipakiti, wakaweka saa za kufungua baa, na wakazuia leseni kwa baa iliyo ndani ya mita 300 kutoka shule. Upatikanaji ukipungua unywaji hupungua, hilo limeonekana nchi nyingi. Lakini sheria inaondoa kipakiti, haiondoi kilichokuwa kikizimwa kwa kipakiti. Nasi tulikwisha kuonywa na historia yetu wenyewe. Tanzania ilitunga sheria dhidi ya moshi, yaani gongo, mwaka 1966, Kenya ikapiga marufuku chang'aa mwaka 1980 na kuihalalisha tena kwa sheria ile ya 2010, na kati ya miaka hiyo yote sijui mtaa uliokosa gongo.

Sasa twende kwa madaktari, maana swali ambalo kila mzazi huliuliza ni hili: pombe imemletea mtoto huzuni, au huzuni imemletea pombe? Jibu ni kwamba yote mawili hutokea, na mara nyingi kwa mtoto mmoja. Kilevi hupunguza kasi ya ubongo. Saa ya kwanza wasiwasi unatulia, na kijana mwenye haya anaongea. Baadaye usingizi unavurugika, asubuhi moyo unakwenda mbio, na wasiwasi unarudi ukiwa mkubwa kuliko ulivyoondoka. Ubongo wa binadamu haujakomaa hadi miaka ya 20 na kitu, na sehemu inayochelewa zaidi ni ile ya kujizuia na kupima matokeo. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani Bridget Grant na Deborah Dawson walionyesha kwamba kati ya watu walioanza kunywa kabla ya miaka 15, asilimia 40 hivi walikuja kuwa watumwa wa pombe, na kwa walioanza wakiwa na miaka 20 ilikuwa asilimia 10 hivi.

Upande wa pombe kuleta huzuni, mwaka 1988 Sandra Brown na Marc Schuckit waliandika juu ya wanaume waliolazwa kwa ulevi huko Marekani. Walipoingia, asilimia 42 walikuwa na huzuni ya kiwango cha ugonjwa. Baada ya wiki nne bila pombe, bila dawa ya huzuni, walibaki asilimia 6. Hizo ni habari njema, kwamba wakati mwingine ukiondoa chupa na wingu linaondoka. Lakini hao walikuwa watu wazima wa miaka mingi ya kunywa. Upande wa huzuni kuleta pombe tuna uchunguzi wa San Diego uliotolewa mwaka 1998 na Vincent Felitti na wenzake, waliowauliza zaidi ya watu 9,000 juu ya utoto wao: kupigwa, kunajisiwa, mama kupigwa mbele yao, kuishi na mlevi, na mengine ya namna hiyo. Waliopitia aina nne au zaidi za mateso hayo walikuwa na hatari ya ulevi, sonona na kujaribu kujiua mara 4 hadi 12 kuliko wale ambao hawakupitia hata moja.

Ukiyaweka pamoja unaona kwa nini viboko na kufukuza shule havifai kitu. Kijana aliyeanza kunywa kwa mkumbo wa marafiki anaweza kuacha chupa na akarudi kuwa yule yule. Aliyeanza kwa sababu ya jambo fulani, ukimnyang'anya chupa, unamwachia lile jambo peke yake, tena sasa amefukuzwa na wenzake hawapo. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Lazima umuulize, umuulize akiwa hajalewa, kisha ungoje jibu, na huenda lisije siku hiyo.

Mwaka jana mama mmoja, msikilizaji wetu wa hapa mjini, aliniandikia barua. Mwanawe wa kidato cha tatu alikutwa na chupa ndogo ya pombe kali ndani ya begi, akasimamishwa masomo. Mama aliomba nimtajie mahali pa kumpeleka akafundishwe adabu. Kwa kuwa aliweka namba yake nilimpigia, nikamuuliza kijana alianza lini kubadilika. Akasema hakumbuki vizuri, labda mwaka juzi. Nikamuuliza mwaka juzi kulikuwa na nini pale nyumbani. Akakaa kimya kidogo, akasema ndio mwaka aliofariki baba yao.

"Lakini kaka," akaniambia, "wakati huo alikuwa bado mdogo, miaka 13 tu. Hata mazishini hatukumpeleka. Yeye na mdogo wake tuliwapeleka kwa jirani wakaangalie televisheni."